Kupiga Picha Maporomoko ya Sheldrick: Mwamba Kwanza, Maji Baadaye

Mwongozo huu ni wa wanaotoka Mombasa kwenda Maporomoko ya Sheldrick, Shimba Hills, kuangalia jinsi mto unavyokata mwamba. Anayetaka picha ya kuweka ukutani ana miongozo mingine tele.

1. Msimu. Nenda kaskazi inapoishia, Februari au Machi, kabla ya masika. Maji yamepungua, mwamba uko wazi. Vuka Likoni mapema, pitia Kwale. Kuteremka hadi maporomokoni ni pamoja na askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), tembo wamo.

2. Vifaa. Lenzi ya milimita 24–70, tripodi, filta ya polaraiza (kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi, hukata mng'ao), rula ya sentimita 30, kijiti, mwavuli mweusi. Mwavuli wa rangi utapaka jiwe rangi yake. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye AC iache ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

3. Picha ya jumla. Maporomoko yana urefu wa mita 21 hivi. Simamisha mtu pembeni ili ukubwa ueleweke. Tundu la lenzi f/8, shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/250, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande hadi 800 ikibidi. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (kupunguza stopu moja ni kukata mwanga nusu), povu lisigeuke weupe mtupu. Maji ya hariri, yale yanayolainika kwa shata ya polepole, siyapendi kwa kazi hii: yanaficha ukingo wa mwamba, na ukingo ndio habari yenyewe. Ukishindwa kujizuia, nusu sekunde yatosha.

4. Mashimo ya mviringo. Hapa ndipo saa hupotea. Ukikuta shimo lililochimbwa na kokoto zinazozungushwa na maji, shida ni mng'ao wa uso wa maji. Wengi hufunga polaraiza, huinamisha kamera wima juu ya shimo, huzungusha filta wee, mng'ao hauondoki. Hautaondoka. Polaraiza hukata mng'ao vizuri pale lenzi inapotazama maji kwa mshazari, nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji. Ukitazama wima chini haisaidii kitu, na bado inakula mwanga stopu moja na nusu hadi mbili.

Kwa hiyo piga mbili. Ya kwanza ya mshazari, na polaraiza, ili kokoto za chini zionekane. (Ukigeuza kamera kutoka picha ya upana kwenda ya urefu, zungusha filta upya.) Ya pili wima kabisa, bila filta, mwenzako akikufunika kichwani kwa mwavuli. Vaa nguo nyeusi. Fulana nyeupe itatokea majini.

Ya wima ndiyo ya vipimo, kwani mshazari hugeuza duara kuwa yai. Rula ilaze kwenye mdomo wa shimo, usiitumbukize: chini ni mbali zaidi na lenzi, kipimo kitadanganya. Kina kipime kwa kijiti. Maji hupinda mwanga, shimo la sentimita 40 likaonekana kama la 30.

Usikanyage mwani ukitafuta pembe.

5. Matabaka. Jiwe la mchanga la hapa huonyesha matabaka yake jua likipiga kutoka ubavuni. Fleshi ya kwenye kamera huyafuta, izime.

6. Daftari. Kila picha: namba, lenzi inaelekea wapi, maji yanatiririkia wapi. Andika palepale, kwa penseli. Wino huyeyuka kwa manyunyu.