Mapishi ya kempingi: katogo, samaki wa majani na rolex ya asubuhi

Kila tukipanga safari ya kwenda kulala nje, iwe Ziwa Mburo au Sipi au visiwa vya Ssese, lazima kuna mtu mmoja atakuja na katoni ya nudo, zile tambi za pakiti, na makopo ya maharage, ukimuuliza anakwambia porini nani atapika. Jamani mimi hilo linaniuma, maana chakula chetu hapa Uganda kinapenda moto wa nje kuliko chakula chochote ninachokijua. Katogo, yaani ndizi za matoke zilizopikwa pamoja na mchuzi wake, ni sufuria moja. Gonja, ile ndizi ya kuchoma, ni makaa tu, haitaki hata sahani. Samaki anataka jani la mgomba na kamba, basi. Sasa nudo za nini?

Mimi nimekulia Busia, kwetu mapishi yote yalikuwa uani, sigiri moja, lile jiko la mkaa, na mafiga matatu, na shangazi yangu alikuwa anapikia watu kumi hapo bila kuhangaika. Nikianza kwenda kempingi nikaona ni uani kwa shangazi tu, tofauti ni kwamba hakuna duka la jirani la kukimbilia ukisahau chumvi. Kwa hiyo kazi nusu malizia nyumbani kabla hujaondoka, alafu huko porini unakuwa unamalizia tu.

Siku moja kabla ya safari pika chapati, kama mko watu wanne pika kumi na mbili. Ziache zipoe kabisa kabla hujazifunga, hapa wengi wanakosea, wanazifunga zikiwa na moto kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, zinatoa jasho na kesho yake zimeshaanza kunuka uchachu. Zifunge kwa kitambaa safi alafu ndio uweke kwenye kontena. Tangawizi na kitunguu saumu twanga pamoja na chumvi uweke kwenye kopo dogo ndani ya boksi la barafu, uitumie siku mbili za kwanza. Nyama kama mnabeba, ikate, itie hiyo tangawizi na limau na binzari, alafu uigandishe usiku kucha kwenye friji, asubuhi inaingia kwenye boksi ikiwa jiwe, yenyewe inakuwa barafu ya vitu vingine. Ila nyama hiyo iliwe usiku wa kwanza, usijidanganye kwamba itafika siku ya pili na jua la hifadhi ya Murchison. Maharage pia hivyo hivyo, yaloweke, yachemshe yaive kabisa nyumbani, yapoe, yaingie kwenye barafu, na yaliwe siku ya kwanza.

Mayai yanasumbua watu sana njiani. Ukiweka trei kwenye buti, barabara ya vumbi itakupa unga wa mayai. Chukua ndoo ndogo yenye mfuniko, mimina unga wa posho, ule wa ugali wa mahindi, panga mayai, mwaga unga tena juu, panga tena. Nimefika nayo hifadhi ya Kidepo hakuna hata moja lililopasuka, na unga wenyewe bado unasonga posho.

Matoke, vitunguu, nyanya, biringanya, limau, hivyo usijaze gari kutoka Kampala. Nunua njiani. Ukienda upande wa Masaka na Mbarara matoke yamepangwa barabarani mafungu kwa mafungu, ukienda upande wa Jinja, pale Namawojjolo utapata gonja na kuku wa kwenye kijiti, hiyo inakuwa chakula cha mchana cha siku ya safari na hujawasha hata kibiriti. Nyanya chagua zile ngumu ambazo hazijaiva vizuri, zitaivia kwenye gari.

Moto sasa. Mimi nabeba vyote viwili, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu kwa chai ya asubuhi na vitu vya haraka, na sigiri na mkaa kwa mapishi yenyewe. Ndani ya hifadhi usianze kuokota kuni ovyo, waulize askari wa wanyamapori kwanza, na sehemu nyingi mtauziwa kuni hapo hapo. Mkaa ufunge kwenye kaveera mbili, sisi tuliuacha nje Sipi mara moja, mvua ya Kapchorwa ikapiga usiku kucha tukaamka na uji mweusi, tukala ndizi mbivu mpaka saa tano. Na hili nalisema kwa nguvu zote: sigiri haiingii ndani ya hema. Hata mvua inyeshe vipi, hata baridi ikate mifupa, hata useme unaiweka mlangoni tu. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, unasinzia na huamki. Kama mvua imekuja vuta turubai pembeni upike chini yake kukiwa wazi pande zote, na kama haiwezekani kuleni chapati baridi mlale.

Haya tuanze na katogo ya karanga, hii ndio mama wa kempingi. Kwa watu wanne chukua ndizi za matoke kama kumi na tano. Kabla ya kumenya jipake mafuta mikononi maana utomvu ukishika huko hakuna maji ya kutosha ya kusugulia. Menya, zitupie kwenye maji zisiwe nyeusi. Kwenye sufuria weka mafuta kidogo, kitunguu kimoja kikubwa, ile tangawizi yako, kikilainika weka nyanya tatu na chumvi, zikivurugika panga matoke juu na maji yafike karibu nusu ya ndizi. Funika na jani la mgomba alafu mfuniko. Acha kama nusu saa.

Wakati huo binyebwa, karanga ya kusaga, chukua kama robo kilo, ikoroge kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iwe kama uji mwepesi usio na madonge. Ikiwa ni ile ya unga mbichi wenye rangi ya waridi, iweke kwenye sufuria yake peke yake kwenye moto wa wastani na usiondoke. Nasema usiondoke. Karanga mbichi inafura kama maziwa, unageuka kuongea na mtu dakika moja povu limeshapanda limemwagika limezima mkaa wako. Usifunike. Koroga na mwiko wa mti ukifika mpaka chini, utaona kwanza povu jeupe, alafu povu linaanza kuisha, mchuzi unakuwa mzito unaanza kupumua polepole kama tope la moto, plop, plop, na mafuta mekundu kidogo yanatoka pembeni. Hapo ni kama dakika ishirini na tano na harufu imebadilika, ile harufu ya ubichi imeenda. Ndio unaimimina juu ya matoke, unatikisa sufuria badala ya kukoroga ili ndizi zisivunjike, dakika kumi za moto mdogo, epua. Kama una ile karanga iliyokaangwa na kusagwa na simsim, yaani ufuta, ile odii ya watu wa kaskazini, kazi ni nyepesi zaidi maana imeshaiva, koroga na maji ya moto uitie mwishoni tu.

Ukitaka kuongeza nyama iliyoiva au samaki mkavu tia humo humo. Na dodo, yaani mchicha, kama umepata fungu la dodo njiani, likatekate uweke juu dakika tano za mwisho.

Samaki wa majani ni wa mahali penye ziwa, na kwa ukweli ndio chakula ninachokipenda zaidi. Ukiwa Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese, unashuka mwaloni asubuhi boti zikirudi unachagua ngege, yaani sato, wa kama nusu kilo kila mtu na wake. Waambie wakutolee magamba na matumbo hapo hapo, usibebe uchafu huo kwenda nao kambini, harufu inaita wageni. Mkate mikato mitatu kila upande, chumvi, limau, tangawizi na kitunguu saumu uingize mpaka ndani ya mikato, tumboni weka nyanya na kitunguu na pilipili moja nzima usiipasue. Jani la mgomba ukilifunga bichi linapasuka, kwa hiyo lipitishe juu ya makaa polepole, utaliona linabadilika, kijani kinakoza na kung'aa kama kimepakwa mafuta, na linakuwa laini kama kitambaa. Toa ule uti wa katikati, usiutupe, ndio kamba yako. Funga samaki tabaka mbili, mlaze juu ya makaa yaliyofunikwa na majivu mepesi, sio moto wa kuwaka, dakika kama kumi na mbili upande mmoja na kumi na mbili upande wa pili. Jani la nje litaungua hadi liwe jeusi, usiogope, la ndani linabaki na mvuke wote. Fungua kidogo uangalie, nyama ikiachia mfupa wa mgongoni bila kulazimisha imeiva, ikiwa bado inang'ang'ania rudisha.

Pembeni ya makaa hayo hayo laza gonja na maganda yake, na viazi vitamu uvifukie kwenye majivu ya moto tangu unapowasha, vinataka kama dakika arobaini na tano. Ziwa Bunyonyi wao wana kamba wadogo wa maji baridi, wale chemsha tu na chumvi na limau, hawataki mambo mengi.

Sasa mlimani ni hadithi nyingine. Ukipanda Elgon kuelekea kilele cha Wagagai, mita 4,321, au Rwenzori, usibebe maharage makavu. Kadri unavyopanda maji yanachemka kwa joto la chini, kila mita 300 hivi inapungua kama digrii moja, kwa hiyo ukiwa mita 3,000 maji yanachemka kwenye kama nyuzi 90 tu, unaona yanaruka kwenye sufuria unadhani ni moto kweli kumbe maharage yanakucheka, masaa matatu yamepita bado yanagonga meno na gesi imeisha. Huko beba vitu vyepesi na vya haraka: mukene mkavu, yaani dagaa, karanga, mchele kidogo, chapati, uji wa ulezi, maziwa ya unga. Mukene utoe vichwa nyumbani, ukaange bila mafuta mpaka ukatike ukiukunja, utakaa safari nzima bila friji, unautupia kwenye kitunguu na nyanya na karanga, dakika kumi na tano umekula. Na ukipita Mbale kwenye soko nunua malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ya Wagisu. Loweka usiku kucha, chemsha umwage maji ya kwanza, alafu yapike kwenye karanga. Ule moshi wake ukichanganyika na binyebwa, kwenye baridi ya mlima, hutauliza nyama iko wapi.

Asubuhi ni rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, na kila mtu anajua rolex ila wengi wanaiharibu porini kwa sababu kikaango hakijapata moto. Kabichi ikate nyembamba kama uzi, kitunguu, nyanya bila maji yake, chumvi, mayai mawili, piga vyote kwenye kikombe cha plastiki. Mafuta kijiko kimoja, yaache mpaka ukidondosha tone la yai linaruka. Mimina, sambaza, likishika chini lakini juu bado ni bichi kidogo, bandika chapati juu yake uibonyeze na kiganja, ndio inavyoshikana. Geuza, sekunde thelathini, nyunyiza pilipili, kunja. Chapati ya jana iliyokuwa imekauka inarudi kuwa laini.

Kuhusu usiku, chakula chote kinalala ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na hakuna ndizi mbivu wala chungwa ndani ya hema, hata moja ya mtoto. Tembo ananusa matunda kutoka mbali na hema kwake ni karatasi. Pale Mburo tuliacha kapu la matoke chini ya meza, alfajiri nikasikia kitu kinatafuna, nikachungulia kwenye zipu, ngiri amepiga magoti ya mbele kabisa kama anasali, anavuta ndizi moja moja bila haraka, na wenzake wawili wanasubiri zamu. Tulikuwa tumebaki na siku mbili na hakuna matoke. Nyani nao wanakuja mchana, wakati mmeenda kutembea, kwa hiyo usiache hata sufuria yenye ukoko. Maji ya kuoshea vyombo mwaga mbali na hema, na pembeni ya ziwa usioshe jioni, kiboko anatoka kwenda kula majani wakati huo na wewe umekaa kwenye njia yake.

Mchuzi wa karanga ukibaki usiulaze, mpe mtu amalizie. Lakini posho ikibaki ifunike vizuri uweke garini, asubuhi ikate vipande bapa kama vya mkate, kaanga kwenye mafuta kidogo mpaka pande zote ziwe na ganda la dhahabu, chumvi kidogo juu, ule na chai ya tangawizi wakati wengine bado wanakunja mahema.