Kuingia kwenye kazi ya utunzaji wa ngozi Arusha na Moshi: masomo, vifaa, usafi na bei

Wengi wanaoanza kazi hii huanzia dukani. Mtaji ukipatikana hununuliwa kitanda, mashine ya mvuke, kabati la mwanga wa buluu na makopo ya krimu, kisha mlango unafunguliwa Njiro au Soweto ya Moshi. Baada ya miezi michache mashine zimejaa vumbi, na wateja walioungua hawarudi. Ushauri wetu ni kinyume: jifunze kwanza kuisoma ngozi na kusafisha vifaa, halafu nunua kidogo kidogo kadiri wateja wanavyoongezeka. Mikono inayojua kazi na ndoo tatu za kusafishia vifaa hufanya mengi kuliko mashine ya milioni.

Mpaka wa kazi yenyewe

Mtaalamu wa urembo wa ngozi husafisha, hulainisha, hukinga na humshauri mteja. Hatibu. Fangasi, ukurutu, vidonda visivyopona, alama inayobadilika rangi au ukubwa, chunusi kubwa zenye maumivu zinazoacha mashimo: yote hayo ni ya hospitali. Kwa upande huo watu wa Kaskazini tumebahatika, kwa sababu Moshi, ndani ya hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza mwaka 1992. Hapo husomeshwa madaktari na matabibu wa ngozi, na hapo ndipo ilipoanza kutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua ya watu wenye ualbino. Kama shauku yako ni kutibu, njia yako ni kusomea utabibu kwanza kisha kubobea kwenye ngozi, na saluni haitakufikisha huko. Amua mapema, maana ni safari mbili tofauti kwa muda na kwa ada.

Pa kusomea

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina fani ya urembo na ususi, na vyeti vyake hupanda kwa ngazi tatu, ya kwanza hadi ya tatu. Si kila chuo kinafundisha kila fani, kwa hiyo fika ofisi ya VETA Arusha au Moshi uulize ni chuo gani kinapokea wanafunzi wa urembo mwaka huo. Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari. Biolojia na kemia za kidato cha nne zitakusaidia sana, kwa sababu nusu ya somo ni tabaka za ngozi, pH (kipimo cha uchachu) na kazi ya viambato.

Vyuo binafsi vipo, vizuri na vibaya. Kabla ya kulipa, uliza namba ya usajili wa NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, saa za vitendo ni ngapi kwa wiki, na kama utafanyia kazi nyuso za watu halisi. Kisha omba kuona chumba cha vitendo na uangalie vibanio na bakuli vinahifadhiwa wapi. Chuo ambacho taulo moja inapita kwa wanafunzi watatu kitakufundisha uchafu, hata kama cheti chake kina mhuri wa dhahabu. Kozi ya wiki mbili inatosha kukufundisha kupaka maski. Haitoshi kukupa haki ya kugusa asidi za kuchubua tabaka la juu la ngozi.

Ambaye tayari amejifunzia saluni kwa miaka hahitaji kurudi mwanzo. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo na mahojiano, mapengo yanazibwa kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Anayelenga spa za hoteli kubwa au kazi nje ya nchi ajue pia CIDESCO, diploma ya kimataifa yenye makao yake Uswisi, ambayo hudai saa 1,200 za mafunzo. Hiyo ni hatua ya baadaye, baada ya kupata wateja na Kiingereza cha kueleza huduma bila kubabaika.

Kuisoma ngozi nyeusi

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Vinasema ukiona uwekundu, acha. Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi uwekundu hauonekani vizuri. Ngozi iliyochokozwa hugeuka zambarau, kijivu au nyeusi zaidi ya ilivyokuwa, na wakati unapoligundua hilo umechelewa. Tumia mgongo wa mkono wako kupima joto la shavu, linganisha pande mbili, na muulize mteja kila dakika moja au mbili kama kunachoma au kunawasha. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, akisema 5, suuza.

Jambo la pili ni madoa. Ngozi yetu ikiumia, hata kwa kuminywa chunusi moja, hujibu kwa kutoa rangi nyingi, na doa hilo hukaa miezi. Ndiyo maana skrabu ya punje za karanga au sukari kubwa usoni, msuguo mkali na asidi kali huleta kilekile mteja alichokuja kukiondoa. Tatu ni makovu yanayovimba: uliza kila mteja kama kidonda cha zamani au tundu la hereni liliwahi kuota nyama. Akisema ndiyo, usitoboe chochote.

Kwenye kadi ya mteja andika dawa anazotumia. Aliyekunywa isotretinoini kwa chunusi asubiri miezi 6 baada ya kumaliza kabla ya waksi (kung'oa nywele kwa nta) au asidi. Anayepaka krimu za retinoidi (jamii ya vitamini A) aache siku 5 hadi 7 kabla ya waksi, la sivyo ngozi inatoka na nywele. Bidhaa mpya ijaribiwe nyuma ya sikio au ndani ya mkono, na uso usubiri saa 24.

Usafishaji wa uso, hatua kwa hatua

Huduma ya kawaida huchukua dakika 60 hadi 75. Osha mikono, funga nywele za mteja, safisha uso mara mbili kwa mililita 3 za sabuni laini ya uso kila mara: mara ya kwanza hutoa vipodozi na vumbi, ya pili ndiyo husafisha ngozi. Kausha kwa kugandamiza, usisugue. Angalia uso chini ya taa yenye lenzi na uchore kwenye kadi palipo na chunusi, ukavu au mabaka. Skrabu laini, gramu 5, dakika 2 tu, na pale penye chunusi zenye usaha usipaguse kabisa.

Mvuke: dakika 5 hadi 8, mdomo wa mashine ukiwa sentimita 30 hadi 40 kutoka usoni. Iwashe ikiwa imegeuzwa pembeni, na usimgeuzie mteja mpaka mvuke utoke sawasawa. Mashine inayotema matone ya moto ndiyo inayounguza wateja, na chanzo chake karibu kila mara ni chumvi iliyoganda ndani. Maji ya maeneo mengi ya hapa, hasa yanayotoka kwenye miteremko ya Meru, yana madini mengi. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya maduka ya vifaa vya maabara, jaza chini ya alama ya juu, mwaga yaliyobaki kila jioni. Mara moja kwa mwezi chemsha siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, iache ipoe, suuza mara tatu. Mafuta ya manukato hayaingii kwenye tangi.

Kukamua hufanywa mara tu baada ya mvuke, dakika 10 zikizidi sana. Kamua zile zenye ncha nyeusi tu, kwa vidole vilivyovikwa glavu na vipande vya pamba, ukigandamiza kuelekea chini kisha ndani. Ikikataa mara mbili, iache hadi mwezi ujao. Chunusi ngumu isiyo na mdomo haikamuliwi hata mteja akibembeleza, kwa sababu usaha hupasukia ndani.

Baada ya hapo masaji ya dakika 10 kwa gramu 8 za krimu (ruka kwa mwenye chunusi nyingi), maski gramu 15 kwa dakika 10 hadi 15, na usiiache ya udongo ikauke hadi ipasuke. Malizia na kilainishi, kisha krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo. Rudia baada ya wiki 4, muda ambao ngozi hukaribia kujibadilisha.

Viambato vya nyumbani vina nafasi, lakini kwa kuchagua. Asali na parachichi ni salama kwa wengi. Limau na ndimu usoni ni hatari: maji yake yakikutana na jua huleta malengelenge na mabaka meusi. Magadi ya kuokea yana pH ya 8 na zaidi, wakati ngozi inataka karibu 5. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini, ila kwenye uso wenye chunusi huziba.

Ndoo tatu

Kifaa chochote kilichogusa ngozi hupita hatua hizi: kusugua kwa sabuni na brashi, kusuuza, kuloweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kusuuza tena, kukausha. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, klorini hiyo unaipata kwa uwiano wa kipimo 1 cha jiki kwa 6 vya maji. Soma asilimia kwenye chupa, maana zinatofautiana. Tengeneza mpya kila siku. Kifaa kichafu kikilowekwa bila kusuguliwa, uchafu huilinda bakteria, na chuma kikizidisha dakika 10 huanza kupata kutu. Kinachotoboa ngozi kiwe cha kutumia mara moja na kuingia kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Kabati la mwanga wa buluu ni la kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kuwa safi, halichukui nafasi ya ndoo.

Nawe jikinge. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6. Ianze ukiwa bado masomoni.

Mkorogo

Hapa ndipo jina lako litajengwa au kubomolewa. Mteja atakuja akitaka weupe, atalipa vizuri, na dukani jirani wanachanganya. Kataa. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na krimu za steroidi kama klobetasoli na betamethasoni ni dawa za hospitali. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, kwa hiyo nunua kwa wauzaji wanaotoa risiti, wenye bidhaa zilizosajiliwa. Zebaki kwenye kopo huweza kuandikwa calomel au mercurio. Kopo lisilo na orodha ya viambato lisiingie chumbani kwako.

Jifunze kuitambua ngozi iliyochubuliwa: imekuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, vifundo vya vidole na masikio vimebaki vyeusi, michirizi mapajani, chunusi ndogo zinazofanana. Mtu huyu hafanyiwi mvuke, skrabu, waksi wala asidi. Mpe sabuni laini, kilainishi kisicho na manukato, krimu ya jua, na barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi. Usimkemee. Akihisi amedharauliwa atarudi kwa mchanganyaji.

Wateja wa huku

Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, Moshi kati ya 800 na 900, na kila mita 1,000 huongeza miale ya jua kwa takriban asilimia 10. Baridi ya Juni na Julai huko Arusha huwafanya watu wasahau jua, ilhali miale haikupungua sana na ngozi imekauka. Waongoza wageni na wapagazi wa Kilimanjaro ni wateja ambao saluni nyingi haziwafikirii: theluji hurudisha mwanga, wanaungua chini ya pua, kidevu na midomo. Wauzie krimu ya jua na ya midomo, uwafundishe kurudia kila saa 2. Mgeni aliyetoka mlimani na uso uliobabuka hupewa ubaridi na kilainishi. Skrabu isubiri ngozi ipone.

Wanaume wenye vipele vya ndevu ni kundi kubwa. Chanzo ni nywele zilizojikunja kurudi ndani baada ya kunyolewa chini sana. Zungumza na kinyozi wa jirani: mashine iache milimita 1, asivute ngozi, afuate uelekeo wa nywele.

Bibi harusi aanze miezi 3 kabla. Huduma ya mwisho iwe siku 7 hadi 10 kabla ya send-off au harusi, wala usimjaribishie bidhaa mpya wiki hiyo.

Bei na vibali

Piga hesabu kabla ya kuuliza jirani anatoza kiasi gani. Mfano: kodi 200,000, umeme na maji 60,000, vifaa vya usafi 40,000, jumla 300,000 kwa mwezi. Ukiwa na siku 26 na saa 3 za wateja kwa siku, ni saa 78, yaani karibu 3,850 kwa saa. Huduma ya dakika 75 inabeba 4,800 za chumba, 5,000 za mikono yako ukijilipa 4,000 kwa saa, na tuseme 4,500 za bidhaa. Tayari ni 14,300 bila faida, kwa hiyo bei ya 10,000 ni kumlipa mteja aje. Pima bidhaa kwa kijiko: kopo la maski la gramu 500 ni wateja 33, na likiisha kwa 20 unajua pesa inapotelea wapi.

Vibali: TIN ya TRA, ambayo hutolewa bure, jina la biashara BRELA, leseni ya biashara kutoka Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Afisa afya atataka kuona maji yanayotiririka, sakafu inayooshwa na mahali pa taka, basi chagua chumba chenye sinki kabla ya chenye kioo kizuri.

Masika, Machi hadi Mei, wageni hupungua. Weka akiba ya kodi ya miezi miwili kutoka msimu wa Juni hadi Oktoba, na utumie mvua hizo kukagua tarehe za mwisho za bidhaa, kusafisha mashine ya mvuke na kufanya kipimo cha VETA kama bado huna cheti.