Alhamisi saa tisa alasiri: ninavyosoma chati za mauzo ya gemu za Japani

Nina chumba cha gemu Kirumba, Mwanza, mwendo wa dakika tano kwa mguu kutoka mwaloni, kwenye soko la samaki. Runinga nne, PS4 tatu, Nintendo Switch moja, mabenchi ya mbao na feni ya ukutani. Kabla ya hapo nilianika na kuuza dagaa kwa miaka tisa, na biashara ile ndiyo iliyonizoeza kuandika kila kitu kwenye kauntabuku: tarehe, ndoo ngapi, bei gani, nani kachukua. Siku hizi kauntabuku yangu ina kurasa ambazo wateja huzichungulia wakashangaa. Kila Alhamisi naandika gemu zilizouzwa Japani wiki iliyopita.

Mtaji wangu ni mdogo, ndiyo maana. Gemu moja ikinunuliwa vibaya inakula kodi ya chumba. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma kwenye simu kwamba gemu fulani ya kupigana imeshika nafasi ya kwanza Japani, nikaagiza kupitia kijana anayeleta mizigo kutoka Dar. Vijana waliicheza siku nne. Baada ya hapo hakuna aliyeiulizia tena. Niliporudi kuitafuta kwenye chati nilikuta wiki ya pili ilishaporomoka, na wiki ya nne haimo kabisa. Habari yote ilikuwa pale pale, mimi nilisoma mstari mmoja nikaridhika. Kwa hiyo haya nawaandikia wenye vyumba kama changu, na mzazi yeyote ambaye mwaka huu ana uwezo wa kununua gemu moja tu.

Pa kuanzia

Chati inayotegemewa zaidi ni ya Famitsu, jarida la gemu la Kijapani lililoanza mwaka 1986. Wao hukadiria nakala zilizouzwa madukani kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na kwa kawaida matokeo hutoka Alhamisi inayofuata. Japani wako mbele yetu kwa saa sita. Yaani saa ya ukutani kule Tokyo ikionyesha 9 ya usiku, huku Mwanza ni saa tisa alasiri: namba ile ile iliyo kwenye saa yao ndiyo tunayoitamka sisi kwa Kiswahili. Sijui kama kuna taifa jingine lililopewa zawadi hiyo. Basi saa tisa, kabla watoto wa shule hawajamiminika, ndiyo saa yangu ya kauntabuku.

Fungua ukurasa wa Kijapani wenyewe. Muhtasari wa watu mtandaoni mara nyingi hutaja nafasi ya kwanza na kuacha mengine, na nafasi ya kwanza ndiyo iliyoniponza. Majina ya gemu kamera ya simu itakutafsiria, lakini alama chache ni bora uzikariri. 本 ni nakala. 累計 ni jumla tangu gemu itoke. 初登場 maana yake ndiyo kwanza imeingia. Halafu kuna 万, na hapa wengi huteleza: 万 ni elfu kumi. Wajapani huhesabu kwa makumi elfu, kwa hiyo 10万 ni 100,000, na 100万 ndiyo milioni. Ukisoma 10万 kama elfu kumi, ukurasa wako wote umeharibika.

Iangalie sana 出荷. Hiyo ni idadi iliyopelekwa madukani, na makampuni hupenda kuitangaza kwa sababu ni kubwa. Aliyewahi kuuza dagaa haelezwi mara mbili: magunia yaliyopakiwa kwenye lori bado si pesa. Andika nakala zilizofika mikononi mwa watu.

Mistari ya kuchora

Kila gemu ipe mstari wake: tarehe iliyotoka, wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, ya kumi na mbili, mwaka mmoja, na jumla. Kisha piga hesabu mbili tu. Wiki ya pili ni asilimia ngapi ya wiki ya kwanza? Na wiki ya kwanza ni asilimia ngapi ya jumla yote?

Chukua Final Fantasy XVI. Ilitoka 22 Juni 2023, wiki ya kwanza ikauza kama nakala 336,000 Japani. Wiki ya pili haikufika 50,000. Haimaanishi gemu ni mbaya. Ni gemu ya hadithi, wapenzi wake walikuwa wanaisubiri kwa miaka, wakainunua wote kwa mkupuo, wakajifungia nyumbani kuimaliza. Kwa mtu mmoja na sofa lake ni mali safi. Kwa chumba ambacho mteja analipia nusu saa, haifai.

Sasa andika chini yake Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya mbio za magari ya Switch, iliyotoka 28 Aprili 2017. Wiki ya kwanza kama 280,000, pungufu ya ile ya juu. Aliyefunga kauntabuku siku ile angesema ni gemu ya kawaida. Lakini nakala za boksi peke yake, ndani ya Japani peke yake, zimeshapita milioni 5. Gawanya uone: wiki ya kwanza haifiki hata asilimia 6 ya jumla. Miaka ilipita na bado ilikuwa inaonekana kwenye kumi bora, ikipitwa na gemu mpya kila wiki na kila wiki ikizishuhudia zinaondoka. Wajapani wana neno kwa mauzo ya aina hii, jiwaure, kuuza taratibu kama maji yanavyojipenyeza mchangani. Gemu yenyewe huiita teiban, ile ambayo duka haliwezi kukaa bila kuwa nayo, kama sukari.

Mnunuzi wa wiki ya kwanza alikuwa anasubiri tangu zamani. Mnunuzi wa wiki ya hamsini kaiona kwa jirani. Mimi biashara yangu yote ni jirani, kwa hiyo safu ya mwaka mmoja ndiyo ninayoitazama kwanza.

Nitakuonyesha mkia mrefu, yaani gemu inayoendelea kuuzwa miaka na miaka, unavyofanana ukiuona kwa macho. Jumapili moja mchana bibi mmoja alikuja kumchukua mjukuu wake wa miaka sita. Mtoto hakutaka kuondoka, zamu yake ya Mario Kart ilikuwa haijaisha. Zile pedi ndogo mbili za Switch huwa nazitenganisha na kuzilaza, kila moja inakuwa pedi ya mtu mmoja, hivyo kwa jozi mbili wanakaa wanne mbele ya runinga moja. Kulikuwa na nafasi. Nikampa bibi pedi, nikamwashia msaada wa usukani ambao hauachi gari litoke barabarani, nikamwonyesha kitufe kimoja cha kushikilia. Alikaa na khanga yake begani, mkoba mapajani, akashika kitufe. Alimaliza wa nane. Akauliza, "Kwani hao wengine wanapitia wapi?" Akalipia raundi nyingine tatu. Sikutangaza chochote, na wiki iliyofuata alikuja na mwanae.

Ukishaona hilo, hesabu ya Japani inaeleweka. Switch imeuzwa kule zaidi ya milioni 35, na kila mashine mpya inayoingia nyumbani inahitaji gemu moja ambayo mama, mtoto na mgeni wataiweza bila kufundishwa. Mario Kart inauzwa kila inapouzwa mashine.

Uliza kwa nini haijafa

Mstari ukiwa mrefu, usinunue kabla hujajua sababu, maana sababu nyingine ziko Japani na hazitavuka bahari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Pokémon ya kwanza, nyekundu na kijani, ya 27 Februari 1996. Ilitoka kwenye Game Boy, mashine iliyokuwa na umri wa karibu miaka saba, na ilianza polepole. Mwaka ule ule jarida la watoto la CoroCoro likatangaza kwamba washindi 20 watapewa Mew, kiumbe ambaye kwa njia za kawaida huwezi kumpata ndani ya gemu. Waliandika barua watu 78,000. Watoto wakaanza kusimuliana shuleni, na kwa kuwa viumbe hubadilishwa kwa waya kati ya mashine mbili, kila mwenye gemu alihitaji rafiki mwenye gemu. Jumla ya Japani, pamoja na toleo la buluu lililofuata, ikapita milioni 10. Sababu hiyo inavuka bahari, kwa sababu watoto wa Kirumba nao husimuliana.

Yo-kai Watch ni tofauti. Julai 2013 ilianza na nakala kama 53,000 tu. Januari 2014 katuni yake ikaanza kwenye televisheni, mauzo yakapanda hadi kupita milioni 1, na gemu ya pili ikapita milioni 1 ndani ya wiki yake ya kwanza. Baada ya miaka michache moto ulipungua sana. Iliyoibeba ilikuwa katuni, na huku kwetu watoto hawakuikuta kwenye runinga zao. Ring Fit Adventure ya Oktoba 2019, ya kufanyia mazoezi, ilianza na kama 68,000, kisha corona ikawafungia watu ndani, mashine zikagombaniwa, ikapita milioni 3. Sababu yake ya kupaa ilikuwa ugonjwa.

Na Monster Hunter Portable 3rd ya Desemba 2010 iliuza zaidi ya milioni 4 kwa sababu wanafunzi walikaa pamoja, kila mmoja na PSP yake, mashine ya gemu ya mkononi, wakawinda mnyama mmoja. Mnaona kinachojirudia. Zinazodumu mara nyingi ni zile ambazo mtu anamhitaji mwenzake pembeni.

Majira

Usilinganishe wiki ya Desemba na wiki ya Februari. Japani mauzo hupanda Desemba, kisha mwaka mpya watoto hupewa na ndugu pesa ndani ya bahasha, otoshidama, na nyingi huishia madukani. Mwishoni mwa Aprili hadi mwanzo wa Mei kuna mfululizo wa sikukuu, Golden Week, na katikati ya Agosti kuna Obon. Linganisha wiki na wiki ile ile ya mwaka uliotangulia.

Mimi hili nililielewa upesi kwa sababu ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na wavuvi wanajaa chumbani kwangu kuanzia asubuhi. Wiki ya mbalamwezi mapato yangu yanakaribia mara mbili, na haina uhusiano na gemu niliyonunua. Ukiandika mapato yako bila kuandika mwezi umefikia wapi, utausifia mchezo usiostahili.

Ambavyo chati haivioni

Chati ya Famitsu ya kila wiki ni ya nakala za madukani. Zinazopakuliwa moja kwa moja hazimo. Splatoon 3 ilipotoka 9 Septemba 2022, Famitsu walikadiria kama nakala milioni 1.93 kwa siku tatu za mwanzo. Nintendo wenyewe, wenye gemu, pamoja na zilizopakuliwa, walisema milioni 3.45 ndani ya siku hizo hizo. Pengo la milioni moja na nusu. Kwa hiyo namba ya duka ni sakafu ya nyumba, dari iko juu zaidi, hasa kwa gemu za watu wazima. Gemu za watoto hununuliwa kwa boksi sana, maana boksi ndilo linalofungwa kama zawadi. Gemu za simu hazimo, wala za mitumba.

Kabla hujatoa hela

Kupendwa Japani hakumaanishi kuchezeka Kirumba. Momotaro Dentetsu, gemu ya kuzunguka Japani kwa treni ukinunua mali, ya Novemba 2020, imepita milioni 3 na ni mkia mrefu wa kweli, lakini maandishi yote ni Kijapani na utani wake ni wa miji yao. Niliiacha kwa masikitiko.

La hatari zaidi ni mashine yenyewe. Switch 2 ilipotoka 5 Juni 2025, Japani ziliwekwa aina mbili. Iliyoanza kwa yen 49,980 inaongea Kijapani tu na inakubali akaunti za Japani tu. Ya lugha nyingi ilianza kwa yen 69,980. Ile ya bei rahisi ndiyo utakayoletewa kwa mbwembwe kwamba ni ofa. Omba picha ya boksi. Ukiona 日本語・国内専用, yaani Kijapani na kwa matumizi ya ndani ya nchi, rudisha pesa yako mfukoni.

Mpira usiuguse kwa chati hizi. Wateja wangu saba kati ya kumi wanakuja kwa mpira, na kumi bora ya Japani haitakuambia lolote kuhusu Simba na Yanga wanaobishana kwenye benchi langu. Natumia Japani kuchagua ile gemu moja ya pembeni, ya watoto, ya akina mama, ya wavuvi wawili waliochoka kufungana.

Anza Alhamisi hii na mistari kumi tu, na usinunue chochote kwa miezi mitatu. Gemu ikitoka kwenye kumi bora, usiifute. Acha nafasi mbele yake. Nyingine hurudi Januari, bahasha zikishafunguliwa, na hizo ndizo ninazozipigia mstari kwa kalamu nyekundu.