Bonde la Kerio kwa Baiskeli: Panga Safari Ukianzia Mlima wa Mwisho

Barabara ya lami inayotoka Iten kwenda Kabarnet, nchini Kenya, ikivuka Bonde la Kerio, ina urefu wa kilomita 56 hivi, na mtu anayeitazama kwenye ramani ataona safari ya kwenda na kurudi isiyofika kilomita 115, ambayo mwendeshaji mwenye mazoezi angeweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kile ambacho ramani ya kawaida haionyeshi ni kwamba Iten imekaa kwenye ukingo wa Elgeyo, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mto Kerio unapita chini ya daraja la Cheploch kwenye mita 1,100 na ushei, na Kabarnet iko juu tena, karibu mita 2,000, kwenye Vilima vya Tugen ng'ambo ya pili. Anayekwenda na kurudi kwa siku moja hupanda zaidi ya mita 2,000, na mlima mrefu kuliko yote humsubiri mwishoni, alasiri, miguu ikiwa imekwisha kuchoka na chupa za maji zikiwa tupu.

Kwa sababu hiyo, safari hii hupangwa vyema kwa kuanzia nyuma. Kabla ya kuamua utaondoka saa ngapi, amua kwanza unataka kufika Iten saa ngapi jioni, kisha hesabu kurudi nyuma hadi darajani, kutoka darajani hadi Kabarnet, na kutoka Kabarnet hadi kitandani kwako alfajiri. Sehemu hii ya Bonde la Kerio, iliyo karibu na ikweta, haikupi jioni ndefu: jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja mwaka mzima, na giza huingia upesi. Binafsi sikubali kuwa barabarani baada ya saa kumi na mbili kamili, kwa kuwa kona za chini ya Tambach ni kali, malori hupanda polepole yakifuatwa na matatu zenye haraka, na taa ndogo ya baiskeli haionekani vizuri kwa dereva anayetokea konani.

Tuanze basi na mlima huo wa mwisho. Kutoka kituo cha Biretwo, kwenye kitako cha ukingo, hadi Iten ni zaidi ya kilomita 20 za kupanda karibu bila kupumzika, kupitia Tambach na kisha Kessup, ile rafu ya ardhi tambarare iliyoning'inia katikati ya jabali kama kibaraza. Wastani wa mwinuko ni asilimia tano hadi sita, ambao kwa kilomita mbili si kitu, lakini kwa kilomita 20 ni jambo la saa mbili na nusu kwa mwendeshaji wa kawaida. Hapa ndipo gia zinapoamua. Ukiwa na sahani ya mbele yenye meno 34 na gia kubwa ya nyuma yenye meno 32, kila mzunguko mmoja wa pedali hukusogeza kama mita 2.2, na ukizungusha mara 60 kwa dakika utakwenda kilomita 8 kwa saa. Huo ndio mwendo wa mtu aliyechoka, na ni vizuri kujua mapema kwamba baiskeli yako inauruhusu. Mwenye gia ya nyuma isiyozidi meno 25, kama zilivyo baiskeli nyingi za mashindano za zamani zinazouzwa mitumba, atalazimika kuzungusha pedali kwa nguvu na polepole, na magoti ndiyo yatakayolipa. Kubadilisha gia za nyuma kabla ya safari ni afadhali kuliko kubebwa na boda boda kutoka Tambach.

Ikiwa unataka kufika Iten kama saa kumi na moja jioni, basi uondoke Biretwo karibu saa nane mchana. Wapo wanaopendelea kuanza kupanda mara tu wanaporudi bondeni, saa saba, ili wamalize mapema, lakini sishauri hivyo, kwa kuwa saa hizo bonde huwa kama tanuri. Hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo ukiacha Iten yenye baridi ya koti unakuta bondeni joto linalopita nyuzi 30 bila shida. Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki, na maana yake ni kwamba asubuhi barabara yote iko mbele ya jua, ila kuanzia kama saa kumi alasiri jua huanza kuegemea nyuma ya majabali na vipande vya barabara vilivyo karibu na ukuta wa mwamba huingia kivulini kimoja baada ya kingine. Saa moja ya kupumzika chini ya mwembe Biretwo, kwa hiyo, haikupotezei muda. Kuna mzee aliyenikuta hapo nikifunga viatu saa saba kamili akaniambia, “Kijana, kaa kwanza, jua la huku halina adabu.” Nilimshukuru nikaondoka. Kabla ya Tambach nilikuwa nimeketi kwenye kalvati, chupa zote mbili zikiwa kavu, nikimngoja mwendesha boda boda aniletee maji.

Hesabu ya maji ni rahisi ukiifanya ukiwa nyumbani: lita moja kwa kila saa ya kupanda bondeni, na nusu yake ukiwa juu ya mita 2,000. Chupa mbili za mililita 750 hazitoshi kutoka Biretwo hadi Iten, kwa hiyo panga kuzijaza tena Tambach, na uwe na noti ndogo mfukoni pamoja na M-Pesa yenye salio, kwa kuwa duka dogo halitakuwa na chenji ya elfu moja. Maji matupu pekee hayatoshi kwa siku ya kutokwa na jasho hivyo. Pakiti za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) za duka la dawa zinafaa, na ukizikosa, lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi hufanya kazi ileile. Kuhusu chakula, Kerio yenyewe inalisha wapita njia: maembe wakati wa msimu, ndizi, na asali. Kula kidogo kila nusu saa kuanzia saa ya kwanza, hata kama huna njaa, kwa kuwa anayesubiri njaa kwenye mlima wa namna hii huwa amechelewa.

Sasa tunaweza kurudi asubuhi. Ondoka Iten saa kumi na mbili unusu, mwanga unapotosha, ukiwa na koti jepesi la upepo, glavu za vidole vyote na miwani. Miwani nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu unateremka ukilitazama jua linalochomoza juu ya Vilima vya Tugen, na katika baadhi ya kona linakupiga machoni moja kwa moja wakati huohuo mbuzi wanavuka barabara. Mteremko huu hauna budi kupewa heshima. Mwenye breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, asizishikilie mfululizo, kwa kuwa msuguano hupasha rimu moto hadi tyubu ikapasuka. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe kwenye kona ya kushoto, na kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimekwisha kupunguza mwendo na hakukuwa na gari mbele. Bana breki kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, ziachie ili zipoe, kisha bana tena, na utumie zote mbili badala ya kutegemea ya nyuma pekee. Kagua pedi za breki siku moja kabla: ikiwa mifereji yake imefutika, badilisha. Tarajia pia matuta ambayo hayakupakwa rangi penye shule na vituo, pamoja na mawe yaliyoporomoka ikiwa mvua ilinyesha usiku. Kwa ajili hiyo miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi, ingawa joto la bondeni nalo huwa kali zaidi.

Ukiondoka kwa wakati huo na kuteremka bila papara, utafika Cheploch karibu saa mbili. Mto unaokuja kutoka kusini ukiwa mpana na mchafu kwa udongo mwekundu hubanwa ghafla kati ya kuta mbili za mwamba zilizosimama wima, zilizokaribiana kiasi kwamba ukisimama katikati ya daraja unausikia kabla ya kuuona. Vijana wa hapo huruka kutoka kwenye miamba hadi majini kwa ujira kidogo kutoka kwa wageni, na hufanya hivyo wakijua vizuri kwamba Kerio ina mamba. Watazame ukitaka na uwape chochote, lakini usijaribu kuwaiga. Nusu saa inatosha hapa.

Darajani ndipo pia panapofanyiwa uamuzi mkubwa wa siku, na uamuzi huo ufanyike kwa saa wala si kwa moyo. Kutoka mtoni hadi Kabarnet unapanda kama mita 900, kazi ya saa mbili hadi mbili na nusu. Ukiondoka saa mbili unusu utafika saa tano, utakula ugali na nyama au chapati na chai bila haraka, utaanza kuteremka kabla ya saa sita na kuwa Biretwo ukiwa na nafasi ya kupumzika. Lakini ikiwa umefika Cheploch baada ya saa tatu unusu, kwa sababu ya pancha au kulala sana, achana na Kabarnet siku hiyo. Kurudi Iten kutoka darajani bado ni mlima wa zaidi ya mita 1,200, na korongo utakuwa umeliona. Anayetaka ng'ambo zote mbili bila mbio anaweza kulala Kabarnet na kurudi kesho yake.

Usalama wa eneo ni jambo la kuuliza wiki ileile ya safari. Barabara kuu ya Iten hadi Kabarnet ina magari mchana kutwa, ila sehemu za kaskazini za bonde zimekumbwa na wizi wa mifugo na mashambulizi ya majangili kwa miaka mingi, kwa hiyo usishawishike kuchepuka Biretwo kufuata barabara ya Arror na Tot bila kuuliza wenyeji na polisi. Nambari za dharura ni 999 na 112. Hospitali za rufaa za kaunti ziko Iten na Kabarnet, na hospitali kubwa zaidi iko Eldoret, kilomita 35 hivi kutoka Iten.

Vifaa vya kubeba havihitaji maneno mengi: tyubu mbili, viraka, pampu, vijiti vya kutolea tairi, spana za Allen na kiungo cha akiba cha mnyororo. Kimoja tu watu hukisahau. Fundi wa kituoni ana pampu ya valvu nene za baiskeli za kawaida, na baiskeli nyingi za barabara zina valvu nyembamba, kwa hiyo beba kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia, kisichozidi uzito wa sarafu. Tairi za milimita 28 ni afadhali kuliko 23 kwa lami yenye viraka.

Mtu anayetoka Nairobi au pwani awahi Iten angalau siku mbili kabla. Kwenye mita 2,400 kila pumzi hupata oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Mombasa, na wanariadha waliofanya mji huu ujulikane duniani wameuchagua kwa sababu hiyohiyo. Tumia siku hizo kuendesha taratibu kwenye barabara ya Eldoret, na uteremke mara moja hadi Kessup na kurudi, ukipima umechukua dakika ngapi kupanda. Kwa kuwa kipande hicho kinapandwa ukiwa na nguvu na maji ya kutosha, zidisha muda huo kwa moja na nusu, na hapo utakuwa na makisio ya kweli ya jinsi kitakavyokuchukua jioni ya safari, ukitoka mtoni.