Wenza wa samaki wakorofi: kupanga fulu, mbuna na okoko kwenye tangi moja

Fulu dume hamchukii kila samaki. Anamchukia anayefanana naye, kwa sababu huyo ndiye atakayemnyang'anya jike na pango. Kambare anaweza kupita chini ya jiwe lile lile asiangaliwe hata mara moja. Sikilidi wengi, yaani samaki wa ukoo wa fulu na ngege, wana tabia hii, wawe wa Ziwa Victoria, wa Malawi au wa Amerika Kusini. Kwa hivyo usimtafutie mkorofi mwenza mpole. Mtafutie asiyefanana naye kwa rangi na umbo, lakini anayelingana naye kwa ukubwa na chakula.

Vipimo vya hapa ni vya tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, karibu lita 240, ambalo fundi wa vioo mjini Kisumu anaweza kukuunganishia. Kimo hakisaidii sana. Sikilidi hugombania sakafu.

Tuanze na rangi. Dume wa Pundamilia nyererei, fulu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Ukimwekea dume mwingine mwekundu, vita vitaanza siku hiyo hiyo. Mwekee mbuna (sikilidi wa miambani wa Ziwa Malawi) wa manjano, Labidochromis caeruleus, ambaye ndiye mtulivu kuliko mbuna wengi. Hapa wanunuzi wengi huchanganya. Labidochromis ni wa manjano mwili mzima, na mstari mweusi uko kwenye pezi la mgongoni. Yule wa manjano mwenye milia myeusi inayolala kutoka puani hadi mkiani ni auratus, mbuna mwingine. Akiwa na sentimita 4 anavutia kweli, lakini dume wake akikomaa hugeuka mweusi, na tangi zima linakuwa lake. Mwache dukani.

Usichanganye aina mbili za fulu kama unataka vifaranga. Majike wao hufanana mno, wote rangi ya majivu, na utapata machotara wasio na jina.

Chini ya mawe weka okoko, kambare wenye miiba, wawili au watatu wa aina ndogo. Mchana hujificha, usiku ndio hutoka, na miiba yao huwafanya wasichezewe. Usiwavue kwa wavu: miiba hunasa kwenye nyuzi na utalazimika kuzikata kwa makasi. Tumia bakuli. Jua pia kwamba okoko hula vifaranga.

Oscar, sikilidi mkubwa wa Amerika Kusini, hana nafasi hapa. Hufika sentimita 30, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Mpe tangi lake.

Chakula huua kimya kimya kuliko meno. Mbuna wengi hula mwani, na utumbo wao ni mrefu. Ukiwalisha omena au nyama kila siku, tumbo huvimba, kinyesi hutoka cheupe kama uzi, na wengi hawaponi. Walishe chembe za spirulina, aina ya mwani, na mara moja moja mchicha uliochovywa kwenye maji moto. Ndiyo maana mla nyama na mla majani hawafai kuwa majirani, hata kama hawapigani.

Sasa idadi. Samaki wanne ni kosa, kwani mbabe atamchagua mmoja na kumfukuza hadi afe. Weka 15 hadi 18 wenye urefu wa sentimita 10 hivi, dume mmoja kwa majike watatu au wanne wa kila aina, ili hasira igawanyike. Msongamano huo unadai kichungi cha lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa, na theluthi ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya mfereji yaondolewe klorini kwanza. Nakuru usiku ni baridi, kwa hivyo hita ya wati 200 hadi 300 ni lazima. Joto likae kati ya nyuzi 24 na 27.

Mawe yapange juu ya kioo cha chini, uweke sponji nyembamba kati ya jiwe na kioo, ndipo umwage mchanga. Wakichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, litaanguka, nalo huenda likapasua kioo.

Waingize watulivu kwanza na mkorofi mwisho. Siku ya kuleta mgeni, lisha wenyeji, hamisha mawe yote ili mipaka ya zamani ifutike, kisha mwachilie taa ikiwa imezimwa. Wiki ya kwanza kagua kona ya juu kila asubuhi. Samaki anayening'inia hapo karibu na hita, mapezi yakiwa yamebanwa, anafukuzwa.

Usimtoe yeye, mtoe mbabe. Mtie kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga, kikielea ndani ya tangi lile lile kwa siku saba. Kabla ya kumwachilia panga mawe upya, ili safari hii yeye ndiye awe mgeni.

Na stima? Tangi lililojaa hivi halingoji. Kichungi kikisimama, samaki watapanda juu kuhema, kwa hivyo weka pampu ya hewa ya betri karibu, na usilishe hadi umeme urudi.