Jinsi ya kumchagulia mtoto vifaa vya kipa wa mpira wa magongo

Mpira wa magongo ni mgumu, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na kipa anauzuia kwa mwili wake mbele ya goli lenye upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Sheria zinamtaka kipa mwenye vifaa kamili avae angalau helmeti, pedi za miguu na kika, yaani vile vipande vinene vya povu gumu vinavyofungwa juu ya viatu. Kwa mtoto hivyo vitatu havitoshi. Ongeza kinga ya koo, ya kifua na mikono, ya kinena, kaptura yenye sponji, na glavu mbili.

Kama umezoea kununua sare kubwa ya shule ili mtoto akue nayo, hapa usifanye hivyo. Kifaa kikubwa huzunguka mwilini, na kikizunguka huacha wazi palepale kilipopaswa kukinga.

Hatua ya 1: Anza na kika. Mtoto aje na viatu atakavyochezea. Ncha ya kiatu isitokeze mbele ya povu, na mkanda wa chini upite kwenye upinde wa unyayo, mbele ya kisigino. Akiwa na njumu, hakikisha mkanda unalala katikati ya meno yake. Kisha mwambie apige mpira kwa upande wa ndani wa mguu mara kumi. Kika ikigeuka, ama ni kubwa ama mikanda imelegea. Kaza kwanza, ikigeuka tena, chukua saizi ndogo.

Hatua ya 2: Pedi, akiwa tayari amevaa kika. Pedi ya kulia na ya kushoto hazifanani: bizimu zote hukaa upande wa nje, la sivyo zitakwaruzana akikimbia. Mwambie achuchumae nusu, kama anayesubiri shuti. Goti liingie kwenye mkunjo wa pedi, na kusiwe na mwanya kati ya pedi na kika. Pedi ikiwa ndefu, mkunjo hupanda juu ya goti, mtoto akashindwa kukunja mguu na akaanza kuwachezea washambuliaji akiwa wima kama mlingoti. Mkanda wa chini ukazwe sana, wa juu ulegezwe kidogo.

Pedi za kriketi si mbadala. Haziufuniki unyayo, pande zake ziko wazi, na mpira ukizigonga huelekea kudondoka miguuni pa mshambuliaji. Povu gumu huurudisha mbali, na hiyo ni nusu ya kazi ya kipa.

Hatua ya 3: Helmeti. Pima mzunguko wa kichwa kwa futi ya fundi cherehani, takriban sentimita mbili juu ya nyusi. Msichana apimwe na mtindo wa nywele atakaochezea. Helmeti iliyopimwa kichwa kikiwa kimenyolewa itakaa juu juu akishasuka. Atikise kichwa kwa nguvu: helmeti iende na kichwa, isibaki nyuma. Kisha avae kinga ya koo na atazame vidole vya miguu yake. Asipoweza kuviona, kinga hiyo imekaa vibaya au ni kubwa.

Helmeti ya mtumba yenye ufa, au yenye nondo za usoni zilizopinda, usiichukue hata kwa bure. Povu la kika au pedi lijaribu kwa kidole gumba: bonyeza, achia. Likibaki na shimo, limekufa. Mkanda uliokatika si hoja. Fundi viatu anaweza kushona mwingine wa nailoni, mradi asichomelee povu kwa moto.

Hatua ya 4: Glavu na gongo. Mkono wa kulia hushika gongo, kwa hiyo glavu yake ina nafasi ya mpini; ya kushoto ni bapa, ya kuzuia. Glavu kubwa humchosha mtoto, mkono ukashuka, na mpira wa juu ukapita. Gongo lifike kwenye mfupa wa nyonga, lisizidi hapo.

Hatua ya 5: Vaa kwa mpangilio. Kinga ya kinena, kaptura, kika, pedi, kifua, jezi, koo, helmeti, glavu. Akianza na kifua hataweza kuinama kufunga kika, na wewe ndiye utakayepiga magoti kwenye vumbi.

Pesa zikipungua, usibane kwenye helmeti wala kika.

Baada ya mchezo fungua bizimu zote na uanike vifaa kivulini penye upepo. Usiviache kwenye buti ya gari wala stoo ya mabati mchana: joto hulegeza povu, likipoa hubaki na umbo baya. Kwenye uwanja wa udongo, mikanda ya chini ya kika ndiyo huisha kwanza kwa sababu hukanyagwa kila hatua, kwa hiyo weka jozi moja ya akiba kwenye mkoba.