Kulala kwenye pikapu yenye kanopi hapa Pwani: anza na hewa, kitanda kitafuata

Miongozo mingi ya kulala nyuma ya pikapu, chini ya kanopi (kifuniko kigumu cha sehemu ya mizigo), imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana inakufundisha kuziba kila tundu. Ukiifuata Mombasa utaamka saa nane usiku umelowa jasho, vioo vinatiririka maji na godoro limeanza kunuka uvundo. Hapa hewa ndiyo inayoamua kila kipimo, kuanzia chaga hadi upande utakaoelekeza gari.

Vipimo vilivyomo humu ni vya pikapu ya kebini moja, ambayo bodi yake, yaani sehemu ya mizigo, ina urefu wa karibu sentimita 230. Ya dabo kebu kwa kawaida haifiki 160, kwa hiyo mtu mzima hulala mshazari, tena peke yake.

1. Pima kabla ya kununua hata msumari

Pima nafasi kati ya nundu mbili za tairi zinazotokeza ndani ya bodi, urefu wa bodi, na kimo kutoka sakafuni hadi darini mwa kanopi. Pikapu nyingi za kebini moja zina karibu sentimita 110 kati ya nundu. Godoro la futi 3½ kwa 6 lina sentimita 107 kwa 183, likiingia hapo linakaa kama limekatiwa. Zile sentimita 47 zinazobaki upande wa kebini ni za masanduku na mtungi wa maji.

Wengi huinua kitanda juu ya nundu ili wapate droo chini. Droo ni nzuri, lakini piga hesabu: kanopi ya kimo cha sentimita 95, ukitoa kitanda cha 28 na godoro la 10, inakuachia 57. Huwezi kukaa, huwezi kuvaa shati, na hewa yote ya moto iliyopanda darini inakulalia usoni. Chaga za chini zinakuachia karibu 77. Mtu mzima atainamisha shingo, lakini atakaa.

2. Chaga

Plaiwudi nzima chini ya godoro ni kosa. Jasho linashuka, halina pa kutokea, na baada ya safari chache unakuta madoa meusi ya ukungu upande wa chini. Tumia chaga:

- mbao za inchi 2x2, vipande 3 vya futi 6;
- mbao za inchi 3x1, vipande 15 vya futi 3½ (mbao 4 za futi 14 zinatoa 16, kimoja akiba);
- skrubu 90 za inchi 2, zisizoshika kutu.

Laza zile 2x2 kwa urefu wa gari, zifuate mifereji ya sakafu ya bodi. Ukizilaza kwa upana zinazuia maji kuteremka kuelekea mlango wa nyuma. Yanatuama, na maji ya chumvi yakituama juu ya chuma unajua mwisho wake. Pigilia chaga ukiacha sentimita 5 kati ya moja na nyingine, skrubu mbili kila zinapokutana. Toboa kwanza, la sivyo mbao itapasuka nchani. Misumari isikutamanishe: barabara ya vumbi huilegeza, na usiku kila ukigeuka kitanda kinalia.

Godoro liwe gumu, la inchi 4. Begi la kulalia liache nyumbani. Shuka, na leso ya kujifunika alfajiri, vinatosha miezi mingi.

3. Neti

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu hununua sumaku, wakashona neti ya uwazi wa nyuma, halafu wakagundua kwamba kanopi ni ya faibaglasi au alumini, nayo sumaku haishiki. Mlango wa chini wa bodi ndio wa chuma. Basi shona sumaku kwenye pindo la chini tu, moja kila sentimita 15, na juu na pembeni weka velkro.

Velkro yenye gundi yake usiitegemee. Kanopi iliyoanikwa juani mchana kutwa inalainisha ile gundi, na ukifika usiku utepe unaning'inia. Piga msasa, futa kwa spiriti, kisha paka gundi ya mafundi viatu pande zote mbili. Subiri kama dakika kumi hadi isigande kwenye kidole, ndipo ukandamize. Kata neti izidi uwazi kwa sentimita 15 kila upande. Ikivutwa sana inaacha pengo kwenye pembe, na mbu hahitaji zaidi ya pembe.

Madirisha ya pembeni nayo yavishwe neti kwa ndani, yote mawili, ili upepo uingie huku utokee kule. Dirisha moja wazi halitoshi.

Feni ya USB ya wati 5 ni msaada mkubwa. Powa benki ya 20,000 mAh inatoa kama wati-saa 60 zinazotumika, yaani takriban saa 12. Betri ya gari iache iwashe gari.

4. Kufungua ukiwa ndani

Mpini wa kanopi umetengenezwa kwa mtu aliye nje. Angalia kwa ndani: kuna fimbo mbili zinazotoka katikati ya kioo kwenda kwenye vishikio vya pembeni. Funga kamba imara kwenye kila fimbo. Ukizivuta kuelekea katikati, vishikio vinaachia. Jaribu mchana, mwenzako akiwa nje, mara tatu. Na kanopi isifungwe kwa ufunguo mtu akiwa ndani, hata kama anayefunga anaenda dukani mara moja tu.

Jiko la makaa, la gesi, hata dawa ya mbu ya kuchoma, visiingie ndani. Wala usiwashe injini ukiwa umelala: bomba la moshi liko karibu na kichwa chako.

5. Vumbi na mvua

Gari likienda, hewa ya nyuma yake hunyonya vumbi ndani kupitia mapengo ya mlango wa chini, hasa kwenye bawaba. Ukienda Tsavo bila kuyaziba, shuka zitarudi nyekundu. Usiku, mtu aingie na tochi, wewe zunguka nje: penye mwanga ndipo pa kubandika raba. Kisha piga maji ya mpira juu ya maungio ya kanopi na bodi kwa dakika tano, uone panapovuja. Kaza vibano vyake baada ya kila safari ya barabara mbovu.

6. Kuegesha

Kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Elekeza mgongo wa gari kwenye upepo, inua kioo cha nyuma. Kikiwa juu kinakuwa kibaraza kwa mvua ndogo. Mvua ya masika ya kishindo ni habari nyingine: geuza gari, pua ipokee mvua, uache madirisha ya pembeni wazi vidole viwili.

Kichwa kiwe upande ulioinuka. Tandika vibao chini ya tairi, chupa ya maji iliyolazwa itakuonyesha gari limeinamia wapi.

Usilale chini ya mnazi. Nazi kavu ikianguka inapasua faibaglasi, na haibagui usiku wala mchana. Mvinje ni salama zaidi. Ufukweni uliza kwanza kama ni bamvua (maji yanapojaa sana) au maji mafu (yanapojaa kidogo), maana mstari wa mwani ulioachwa na maji ya jana si mpaka wa leo usiku. Ndani ya hifadhi kama Shimba Hills, lala kwenye kambi zilizotengwa tu. Huko juu kuna ukungu asubuhi na vioo vitatoka jasho. Fungua zaidi, usifunge.

Asubuhi simamisha godoro lipigwe na hewa kabla ya kuondoka, na ukirudi kutoka ufukweni mwagia maji yasiyo na chumvi sakafu ya bodi, chini ya chaga, na bawaba.